Yowe la Mama Damas

Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi, sogea nikupe kwa ufupi. Wenzako wamenisumbua wiki nzima, sokoni na hata mlangoni mwa kanisa, wakitaka kujua mtoto alikwenda wapi.

Eustadia, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Damas, alizaliwa Bukoba. Alifiwa na wazazi angali mdogo, akalelewa na masista. Masista walimfundisha kusali, kufua, kupiga pasi, na kupika supu ya kizungu isiyo na pilipili. Mambo ya watu hawakumfundisha. Akaolewa na Raymundi, Mnyamwezi wa reli, akashuka stesheni ya Tabora na sanduku moja la bati.

Nyumba yao ya kwanza iliungua. Mimba mbili zikaharibika. Ya tatu ikashika, akapatikana Damas, na sasa Damas ana miaka miwili na miguu isiyojua kutulia. Raymundi yuko Bukene na genge lake wakitengeneza njia ya reli ya Mwanza, na harudi mpaka mwisho wa mwezi.

Jumamosi ile, baada ya chakula cha mchana, Mama Damas aliingia ndani kupiga pasi kishati cheupe cha mtoto, cha kuvaa Misa ya kesho. Alimwacha Damas uani akifukuza kuku kwa kijiko. Alipotoka, kuku walikuwapo na kijiko kilikuwapo. Damas hakuwapo.

Hapo ndipo nilipowaacha, mkanitukana. Haya, tuendelee.

Kwanza hakuogopa. Mama wa mtoto wa miaka miwili angekuwa anaogopa kila anapopotewa, angekwisha kufa zamani. Aliita tu kwa ile sauti ya ukali wa bandia.

"Damas! Wee Damas! Toka huko, nimekuona!"

Uongo mtupu, hakuwa amemwona. Lakini siku nyingine uongo ule humtoa Damas nyuma ya mlango akicheka mwenyewe, uso mzima umejaa udongo aliokuwa akiula.

Leo hakutoka mtu.

Akatazama uvunguni. Akatazama nyuma ya kabati, halafu ndani ya kabati, mahali ambapo hata paka asingeenea. Akatoka mbio mpaka kwenye pipa la maji ya mvua, akashika ukingo, akafumba macho kabla ya kuinama. Akajilazimisha kuyafumbua. Maji yalikuwa yametulia, na ndani yake aliona uso wake tu.

"Asante, Bikira," akasema.

Kisha akakumbuka choo.

Mnacheka? Nendeni mkaulize wake zenu wanaota nini usiku. Choo cha uani ni shimo, na mtoto wa miaka miwili ni mtu wa kuchungulia kila shimo. Mama Damas alifika akakuta kifuniko cha mbao kimesogezwa pembeni. Nani alikisogeza? Labda ni yeye mwenyewe asubuhi. Hakukumbuka. Alilala kifudifudi kwenye sakafu ile, na gauni lake safi, akaingiza kichwa.

"Damas! Baba! Uko huko?"

Nzi walimjibu. Aliita tena, akasikiliza mpaka masikio yakaanza kuvuma. Hakukuwa na sauti wala alama yoyote ya kitu kilichoanguka. Pale pale, katika uvundo ule, akasema Salamu Maria yote bila kuruka neno, maana masista walisema ukiruka neno unaanza upya.

Alipoinuka na kurudi uani ndipo alipokiona kinu chake. Mchi ulikuwa umesimama ndani ya kinu kama alivyouacha. Lakini juu ya mchi kulikuwa na kamba ya ukindu, imezungushwa vizuri na kuning'inizwa kwa uangalifu. Kamba ile haikuwa yake.

Na mwenye kamba alimjua. Akaichukua, akakaa chini nayo.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Alikuwa akimlisha Damas uji wa ulezi, kazi ambayo kwa Damas inataka watu wawili na kamba. Mara mtu akabisha hodi langoni kwa sauti ya mwenye nyumba.

"Hodi hapa kwa mtumwa wangu!"

Akaingia mzee mwembamba, kanzu imegeuka rangi ya vumbi, kofia upande, gunia begani. Kamba za ukindu zilimwagika mdomoni mwa gunia.

"Shikamoo, mzee," akasema Mama Damas, kwa sababu adabu haimtoki hata akishtuka.

"Marahaba. Yuko wapi mumeo, yule Mnyamwezi mbeba mizigo?"

"Yuko kazini."

"Kazini!" Mzee akapiga makofi. "Babu yake alibeba pembe za ndovu kichwani mpaka pwani kwetu, akaiona bahari akadhani ni uji, akaomba kijiko! Leo mjukuu ana kazi? Haya, nipe kuku niende zangu."

"Mzee, kuku wangu siwauzi."

"Na nani amekwambia nanunua? Nimesema nipe."

Mama Damas aliweka bakuli chini. Akajua amekutana na kichaa, akaongea polepole kama watu wanavyoongea na vichaa.

"Mzee, tafadhali, toka uani kwangu. La sivyo nitaita askari."

Yule mzee alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alicheka, akafuta machozi, akamtazama tena, akacheka upya.

"Askari! Ama huyu mke amepatikana! Basi usinipe kuku." Akainama, akamtekenya Damas tumboni. Damas, msaliti mkubwa, akaangua kicheko na kumpa mzee kijiko chake. "Nitapita tena mchana. Nisipopata kuku, nabeba huyu. Nikamfundishe kusuka kamba, asije akawa mbeba mizigo kama baba yake."

Mama Damas alimnyakua mtoto, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo. Nje alimsikia mzee akiondoka huku akiimba.

Naona wasomaji wa huku kwetu mmekwisha kucheka, mmeshajua yule ni nani. Subirini basi, acheni kucheka. Ninyi mmezaliwa ndani ya mambo haya. Yeye alizaliwa mara ya pili kwa masista, na huko hakuna mzee anayeingia uani kwa mtu kumwita mtumwa na kudai kuku.

Na kuna jambo jingine. Wiki ile bombani yalizungumzwa maneno ya mumiani tu. Mnayajua. Kwamba kuna watu wanatembea na magunia, wanakamata watu, watoto hasa, wanawatoa damu ikatengenezwe dawa. Mwanamke mmoja aliapa kuwa huko Nzega amepotea mtu na kilichookotwa ni kiatu. Mwingine akasema wanatumia sindano ndefu. Mama Damas alisikiliza, akajaza ndoo yake, akaondoka bila kuchangia, akijiambia ni upuuzi wa watu wasiosali.

Sasa amekaa chini uani, ameshika kamba ya mzee wa gunia, na upuuzi ule si upuuzi tena.

Akafungua kinywa, akapiga yowe.

Nataka mjue lilivyokuwa, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenihadithia, akanishika mkono akasema, "Hapo usinifiche. Andika kuwa nilipiga kwa nguvu zangu zote." Basi nimeandika. Alipiga kwa nguvu zake zote.

Huku kwetu yowe si kilio. Wenyeji wanaliita mwano, na mwano ukipigwa, mwanaume anaacha kijiko mdomoni. Anayelala anaamka, anayeoga anatoka na mapovu. Asiyekwenda, kesho ataulizwa alikuwa na siri gani. Mama Damas alikuwa ameliona mara moja tu, siku nyumba yao ilipoungua, watu walipojaa kabla moshi haujafika juu. Alijua kuwa wanakuja. Hakujua kuwa wakishakuja hawarudi mikono mitupu.

Wa kwanza alikuwa Masolwa, mfyatua matofali wa nyumba ya mbele, mtu wa mwili na maneno machache. Alikuja na mpini wa jembe, magoti yamejaa matope.

"Nini, mama?"

"Mtoto! Wamemchukua mtoto!"

"Nani?"

"Mzee wa gunia! Alikuja asubuhi akasema atamchukua, na amemchukua!"

Uani kulikuwa kumeshajaa. Rungu, fimbo, panga, mwingine na kiti.

"Mzee gani? Wa wapi?"

"Simjui! Ana gunia na kamba. Ni..." Akasita. Ndiyo, alisita kidogo, aliniambia. Halafu akalitamka. "Ni mumiani!"

Neno hilo lilipotoka, hakuna aliyeuliza swali jingine. Uani kulibaki vumbi tu. Aliwasikia wakigawana njia: hawa huku Kitete, hawa sokoni, hawa relini. Mbali kidogo mwingine akalidaka yowe, na mbali zaidi mwingine, mpaka likawa limeuzunguka mji mzima na halikuwa lake tena.

Yeye akabaki na kishati cheupe mkononi. Hakujua amekichukua saa ngapi. Pasi ya mkaa ilikuwa inaunguza meza ndani, aliisikia harufu, hakwenda.

"Mama Damas! Kuna nini? Mbona mtaa mzima hauna dume hata moja?"

Alikuwa Sikuzani, jirani wa ukuta mmoja, muuza maandazi, Mwislamu wa Tabora tangu babu wa babu. Alikuwa anatoka sokoni na sinia tupu kichwani.

"Damas ameibwa."

"Astaghfirullah! Ameibwa na nani?"

Mama Damas akamnyooshea ile kamba.

Sikuzani aliitazama kamba. Akaishika, akaigeuza. Akatazama kinu.

"Ulikuta wapi hii?"

"Juu ya mchi."

"Imening'inizwa hivi hivi?"

"Ndiyo."

Mwanamke yule akaanza kucheka! Alicheka huku ameshika kiuno, sinia likiyumba kichwani. Mama Damas alitaka kumpiga kofi, na ningekuwa mimi ningempiga.

"Shoga yangu, huyu ni Mfaume! Mzee Mfaume, yule Mzaramo anayesuka vitanda! Ni mtani wa mumeo!"

"Mtani ndiyo nini?"

"Yarabi! Raymundi hakukwambia?"

Raymundi aliwahi kumwambia, ndiyo. Siku moja wakati wa kula alisema, "Ukiona Mzaramo anakutukana usijali, ni mtani wangu." Naye akajibu kuwa matusi ni dhambi hata kwa Mzaramo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sikuzani akamwelezea haraka haraka. Kwamba tangu enzi za misafara, Wanyamwezi wakiteremka pwani na mizigo, wao na Wazaramo walishaandikiana utani. Hawa huwaita wale watumwa, wale huwaita hawa watumwa, na hakuna anayekasirika. Mtani huingia kwako, hubeba akipendacho, na huacha chake mahali utakapokiona, ili ujue ni nani na ukomboe.

"Kamba hii ni barua, mwenzangu. Imekwambia, njoo kwangu na kuku. Unakwenda, unamtukana mpaka mate yakauke, unampa kuku wake, mnampika, mnakula wote, unarudi na mtoto."

"Na mtoto? Hata mtoto anachukuliwa?"

"Mtoto ndio utani wenyewe! Mimi nilichukuliwa nikiwa mdogo kama Damas. Nikalishwa wali wa nazi mpaka nikakataa kurudi, mama akalia." Akamshika bega. "Mkewe Mwamvita hana mtoto wa kumzaa, anapenda watoto kuliko sukari. Saa hizi Damas anapakwa samli kichwani. Twende tukamtafute jogoo."

Mama Damas alilia, akacheka, akajipangusa pua kwa kishati cha Misa. Moyo ulishuka mahali pake. Aliona sasa kila kitu cha asubuhi: kicheko cha mzee, kofia upande, namna alivyomtekenya mtoto. Kumbe alikuwa mgeni wa heshima, naye alimfungia mlango!

"Basi nitamtukana vipi? Sijui matusi."

"Nitakufundisha njiani. Lakini hujanijibu. Wanaume wamekwenda wapi?"

Kicheko cha Mama Damas kikafa.

"Nilipiga yowe."

"Ukawaambia nini?"

Mama Damas akakikunja kishati, akakikunjua.

"Eustadia, uliwaambia nini watu?"

"Niliwaambia... ni mumiani."

Sinia lilianguka. Sikuzani hakuliokota.

"Watamuua," akasema.

Walikimbia. Mama Damas hakuwa amewahi kukimbia barabarani tangu aolewe, maana masista walisema mwanamke Mkristo hutembea. Siku ile alikunja gauni magotini akakimbia kama kijana, Sikuzani nyuma yake akiita jina la Mungu. Walipita bomba, wakapita maduka ya Waarabu yaliyofungwa haraka, wakashika ile njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji, kwa sababu huko ndiko kelele zilikotoka. Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa mbele, likiwapiga machoni.

Kwanza waliona migongo. Migongo mingi ya wanaume, imejipanga duara. Kisha wakasikia zile sauti za fimbo, na katikati ya kila fimbo sauti ya mzee ikisema neno moja moja.

"Utani... jamani... utani..."

"Utani na hii?" Mtu akainua kitu juu, na duara lote likanguruma. Walikuwa wamemwaga gunia. Mlikuwa na ukindu, kisu kidogo, na sindano, ile sindano ndefu ya chuma ya kupenyezea kamba za kitanda. "Sindano! Sindano ya damu hii hapa!"

"Mwacheni!" akapiga kelele Mama Damas. "Ni mtani! Mwacheni!"

Nani amsikie? Alimvuta mmoja shati, akasukumwa. Alimshika mwingine mkono, naye bila kugeuka akampiga kiwiko cha mdomo. Alionja damu yake. Akainama, akapita katikati ya miguu ya watu kama Damas anavyopita, akatokea ndani ya duara.

Mzee Mfaume alikuwa amelala ubavu, mikono kichwani, kanzu si rangi ya vumbi tena. Juu yake alisimama Masolwa, mpini wa jembe umeinuliwa.

Mama Damas akajitupa juu ya mzee. Mwanamke wa watu, mke wa mtu, akamlalia mwanaume asiye wake barabarani, mbele ya nusu ya mji, akamfunika kwa mwili wake, akafumba macho akangoja mpini.

Mpini haukushuka.

"Mama Damas, toka hapo."

"Sitoki. Nimekosea mimi. Huyu ni mtani wa mume wangu. Sikujua! Sikujua utani, sikuambiwa, niliambiwa sikusikiliza! Nipigeni mimi!"

"Amempa dawa," akasema mtu nyuma. "Mumiani wana dawa ya kumfanya mtu aseme hivyo."

"Dawa gani!" Sikuzani alikuwa amefika, anahema. "Masolwa! Wewe Mnyamwezi mzima humjui Mfaume? Si ndiye aliyesuka kitanda ulichozaliwa?"

Masolwa akainama, akamgeuza mzee uso polepole kwa mkono wake wa matope. Alimtazama kwa muda. Nami nawaambia, uso ule ulikuwa umeshakuwa mgumu kutambulika.

"Alisema," akanong'ona Masolwa. "Alisema tangu mwanzo kuwa ni utani. Lakini nilikuwa nimekusikia wewe, Mama Damas. Mama wa mtoto. Ningemsikiliza nani?"

Mwenye sindano akaiacha ianguke.

"Mtoto je?" akauliza mtu. "Kama ni utani, mtoto yuko wapi? Tumemkamata hana mtoto."

Hofu ikarudi yote. Mama Damas akakipakata kichwa cha mzee mapajani.

"Babu. Babu Mfaume. Damas yuko wapi?"

Jicho moja likafunguka. Lilimtafuta, likampata. Midomo ikachezacheza, na waliokuwa karibu wakainama kusikia.

"Mtumwa wangu," akasema mzee. "Umekuja bila kuku?"

Mama Damas aliniambia kuwa, katika yote yaliyompata kabla na baada, hakuna lililomuuma kama hilo. Alilia kwa sauti.

"Nitakuletea wote, babu. Nitakuletea kuku wote. Niambie mtoto."

"Niliona watu... na fimbo." Alikuwa anavuta pumzi kila baada ya maneno mawili. "Nikasema, itampata mtoto. Mwamvita alikuja kunipokea... pale relini. Nikampa. Nikamwambia mbebe mgongoni... mfunike khanga, asiwaone, asiogope. Kimbia nyumbani. Mimi nitawapitisha huku."

Basi alikuwa amewapitisha huku. Mzee yule alikuwa ameligeuza kundi zima limfuate yeye, gunia lake na yote, ili mtoto wa mtani wake apite upande wa pili.

Pumzi ziliachiwa. Mtu akasema "Alhamdulillah," mwingine akafanya ishara ya msalaba. Masolwa akautupa mpini wa jembe vichakani, akaanza kuvua shati amfunge mzee kichwa. Sikuzani alikuwa tayari anatafuta kitanda cha kumbebea mpaka hospitali. Mama Damas alimsafisha mzee mdomo kwa kishati cheupe, akimwambia maneno ambayo hata yeye hayakumbuki. Mtoto yuko salama. Mtoto yuko mgongoni kwa mwanamke anayependa watoto kuliko sukari.

Ndipo yowe likapigwa relini.

Lilikuwa sauti ya mwanaume, yenye furaha ya mtu aliyepata.

"Huyu hapaa! Mumiani mwanamkee! Anakimbia, mtoto kamfunika mgongoni! Njooni!"

Walioinama kusikia maneno ya mzee walikuwa wachache. Waliosimama nyuma, nao ndio wengi, hawakuwa wamesikia neno. Walichosikia sasa ni yowe. Wakageuka wote kwa pamoja na fimbo zao, wakaanza kukimbia kuelekea reli.

"Simameni!" akanguruma Masolwa. "Si mumiani! Simameni!" Akachomoka kuwafuata, akawapita, mikono juu, ili awatangulie awazuie. Walio nyuma yake wakamwona Masolwa anakimbia mbele. Wakadhani anawaongoza, wakazidisha mbio.

Mama Damas alisimama, kishati chenye damu mkononi. Ng'ambo ile, kati ya vumbi na jua, aliona khanga moja nyekundu ikikimbia kando ya reli, na mgongoni mwake kitu kimefutuka. Kutoka pande zote watu walikuwa wanaikaribia.

Akavuta pumzi mpaka mwisho, akafungua kinywa ili apige kelele ya kuwazuia.

Akakifumba. Alikuwa amekwisha kuwajua watu wa huku. Kwa umbali ule wasingesikia maneno. Wangesikia mwanamke anapiga yowe tu, ni mama wa mtoto, na wasiotoka bado majumbani nao wangetoka.

Akaanza kukimbia, kimya.